Siku moja Lubumbashi: kazi, bukari na kipande cha kikanda

Saa 12:15 asubuhi. Juni ya Lubumbashi, kusini mashariki mwa Kongo (DRC), ina baridi ya kweli. Mji umekaa juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mwezi huu hewa ya asubuhi inauma masikio. Mimi ni mtu wa Makete, baridi nimezaliwa nayo, lakini Dar es Salaam imenilainisha, kwa hiyo natoka na sweta mbili. Mlinzi wa hoteli ameinamia mbabula, ndivyo wanavyoliita jiko la mkaa huku, na mkaa wenyewe ni makala. "Mulilala muzuri, mama?" Nimelala vizuri, namwambia, na nasogeza mikono yangu karibu na yake juu ya moto.

Saa 1:00. Lubumbashi iko nyuma ya Dar kwa saa moja, kwa hiyo ofisi ya nyumbani ikifunguliwa saa 2:00 mimi bado nina kikombe mkononi na simu imeshaanza kuita. Malori yetu mangapi yamevuka Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia? Lipi limekwama Nakonde, mpakani mwa Zambia na Tanzania? Najibu huku natafuna mkate na yai. Chai ya hoteli haina la kusimulia.

Hapa niseme jambo ambalo limenikaa moyoni siku nyingi. Sisi tunaosafiri kikazi tunapewa posho ya kujikimu, na wengi wetu hatujikimu nayo. Tunafunga biskuti kwenye begi, tunashinda na soda, tunalala na tambi za maji moto, ili posho irudi nyumbani ikanunue mabati au ilipe ada. Siwalaumu. Nimefanya hivyo miaka mitatu, na chumba kimoja cha nyumba yangu kimesimama kwa njaa ya Lusaka na Ndola. Lakini safari moja nilidondoka kwenye foleni ya mpakani, jua la saa 8, na dereva wetu, kijana mdogo, ndiye aliyenikalisha kivulini na kuninywesha maji yenye sukari. Tangu siku hiyo nakula. Nakula milo mitatu, na mmoja kati yake lazima niule na watu wa mji.

Saa 2 hadi saa 7 ni kazi: hati za forodha, namba za makontena, uzito wa shaba ulioandikwa mgodini na ule uliosomwa kwenye mizani. Wakala wetu ni papa, yaani baba kwa lugha ya huku, wa makamo, mtaratibu, anayesoma kila karatasi mara mbili. Dirishani kwake linaonekana bomba la moshi la mita 153, na pembeni yake kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba iliyoyeyushwa tangu enzi za Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa Wabelgiji. Mji mzima umezaliwa kwa madini hayo, mwaka 1910, na mpaka leo kila mazungumzo hapa yanaishia kwenye shaba au kwenye unga.

Saa 7:10 mchana, unga. Papa ananipeleka malewa, kibanda cha mama ntilie kwa lugha yetu, mabati juu na mabenchi mawili. Mama mwenye malewa anakuja na beseni na birika, ananimiminia maji ya uvuguvugu, kisha anauliza: "Bukari ya muhogo ao ya mahindi?" Bukari ni ugali. Papa ananishauri ya kuchanganya, na ndiyo nitakayoikumbuka. Inakuja ikiwa tufe moja, laini juu kama limepakwa mafuta, inavutika kidogo kwa sababu ya muhogo, na ukiimega mvuke unatoka katikati. Pembeni kuna sombe, kisamvu kilichotwangwa mpaka hakina tena umbo la jani, kimepikwa na mawese yakatengeneza mstari wa rangi ya machungwa ukingoni mwa sahani. Juu yake thomson, yule samaki wa baharini anayefika huku akiwa barafu, amekaangwa mpaka mapezi yanavunjika kama mkate mkavu.

Huku mboga ni kila kinachoshushia bukari, hata samaki, hata nyama. Nilipoomba "samaki na mboga" mama alinitazama akasubiri nitaje mboga gani nyingine tena.

Tukila, papa ananieleza habari ya unga. Mahindi mengi ya Lubumbashi yanatoka Zambia, na Zambia ikizuia kuuza nje, bei hapa inaruka na sufuria za watu zinapungua. Nimeyapita malori hayo ya unga mara nyingi pale Kasumbalesa, nikayahesabu kama foleni tu iliyo mbele yetu. Leo nimekula kilichomo ndani yake.

Kulipa kulichukua muda. Noti yangu ya dola ilikuwa na mchaniko mdogo ukingoni, upana wa ukucha, ikakataliwa. Hapa dola na faranga zinatembea pamoja, lakini dola iwe nzima. Papa akalipa kwa faranga, nami nikamrudishia jioni.

Saa 10:00. Dar wamefunga ofisi, simu imenyamaza, na jua bado lina karibu saa mbili. Huu ndio muda wangu. Napanda teksi ya pamoja hadi soko la Kenya. Kenya ya hapa ni jina la komini, yaani wilaya ya mji, na mtu wa Afrika Mashariki inamchukua siku mbili kuzoea mtu akisema "naenda Kenya" na kurudi kabla ya giza.

Napita mafungu ya lengalenga, napita matembele, dagaa, viroba vya makala. Kisha nasimama. Mama mmoja ana sinia lenye kitu kama keki nzito ya kahawia, na anakikata vipande kwa kisu chembamba. "Njo kikanda, mama. Onja." Kikanda ndilo jina lake. Ndani yake, anasema, kuna mizizi ya porini na karanga, pilipili, na magadi ya kuishikisha. Anafunua mfuko kunionyesha hiyo mizizi kabla ya kutwangwa.

Naijua. Ni viazi vya okidi, ua la porini, vidogo, vya mviringo, vyenye ngozi ya udongo. Tukiwa watoto tukichunga ng'ombe nyanda za Kitulo, kwetu Makete, tulivichimbua kwa kijiti, tukavifuta kwenye sketi, tukavitafuna vibichi. Baadaye walikuja wanunuzi wakavibeba kwa magunia kwenda Zambia, na maua yakapungua machoni petu. Kitulo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Sikuwahi kuona mwisho wa safari yake, kile kiazi kikiwa chakula kwenye sinia la mtu. Nauliza hivi vimetoka wapi. "Mu pori," anasema, na kunyoosha mkono upande usio na jina.

Naonja. Ni laini lakini inakataa kidogo jino, karanga zinatangulia, pilipili inafuata, na mwishoni kabisa, nyuma ya ulimi, ule udongo wa Kitulo. Nanunua vipande vinne.

Saa 1 usiku, Kamalondo, si mbali na uwanja wa timu ya mpira ya TP Mazembe. Michopo: nyama ya mbuzi iliyochomwa, inakatwakatwa juu ya karatasi pamoja na kitunguu, chumvi na pilipili. Mchomaji akisikia Kiswahili changu anauliza natoka wapi, na nikisema Tanzania anapaza sauti kwa wenzake: "Wa kwa Samatta!" Wananisogezea kiti. Mbwana Samatta alicheza hapa, akabeba Kombe la Klabu Bingwa Afrika mwaka 2015 na Mazembe, na watu hawa wanayahesabu magoli yake kama ya mtoto wa mtaani kwao. Nilikaa pale zaidi ya nilivyopanga, na vidole vyangu vilikuwa bado na harufu ya moshi nilipofika chumbani.

Saa 2:20 usiku, Makete ni saa 3:20. Nampigia mama, namweleza kikanda. Kimya. Kisha anauliza kama waliweka magadi ya kutosha, maana yakipungua haishikani. Sikujua kama amewahi kuipika. "Mwaka ule wa njaa," anasema, "wewe ulikuwa mgongoni."