Mistari minne niliyoifuta

Jumanne kijana mmoja ninayefanya naye kazi alinitumia kiraka, yaani badiliko dogo la programu. "Kaka, naomba unipitie hiki, ni kifupi tu." Kichwa chake kilisema: kuondoa usomaji usiotumika kwenye draiva ya siriali, programu inayoongoza poti ya kupitisha data biti moja moja. Kweli kilikuwa kifupi, na kisafi. Nilipofika kwenye mistari iliyofutwa nikasimama, nikaenda dirishani, nikakaa huko muda.

Kiraka kile nimewahi kukiandika mimi mwenyewe, karibu neno kwa neno.

Yangu ilikuwa draiva nyingine ya aina hiyo, nilipewa kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Ilikuwa imepita mikononi mwa watu wengi, kila mmoja akiongeza chake na kuondoka. Namba tupu kila mahali: 0x3F8, 0x20, 0x80, bila jina hata moja. Niliipenda kazi ile kuliko zote nilizowahi kupewa. Kila siku nilichukua namba moja, nikafungua kijitabu cha chipu, nikatafuta maana yake, nikaipa jina. 0x3F8 ni anwani ya poti ya kwanza. 0x20 ni biti inayosema njia ya kutuma iko wazi, leta baiti nyingine. 0x80 inageuza rejista mbili za mwanzo, vijisanduku vya namba ndani ya chipu, ziwe mahali pa kuandika kigawanyo cha kasi. Nakumbuka siku nilipokielewa kigawanyo hicho: saa ya chipu hupiga mara 1,843,200 kwa sekunde, ukigawa kwa 16 unapata 115,200, ukigawa tena kwa 12 unapata 9,600. Kasi zote zile nilizokuwa nazikariri bila kujua zilikotoka, kumbe ni watoto wa saa moja! Nilifurahi nikakosa mtu wa kumwambia.

Ndipo nikafika kwenye mistari minne, pale poti inapofunguliwa. Ilisoma rejista nne, moja baada ya nyingine: hali ya laini, baiti iliyopokelewa, utambulisho wa intarapti (mwito wa chipu kwa prosesa), hali ya modemu. Inasoma, halafu thamani inatupwa. Hakuna kigeu kinachoipokea, hakuna sharti linaloitazama. Juu yake hapakuwa na maelezo, hata neno moja. Nikaifuta. Kwenye ujumbe wa kiraka nikaandika, "Usomaji huu hauna kazi." Nikajaribu kwenye mashine ya mezani kwangu mara nyingi, kila kitu kikaenda sawa, kiraka kikaingia.

Wiki chache baadaye tukaitwa. Mashine tulizozipeleka kwa watu zilikuwa zinawaka vizuri, ila terminali, skrini na kibodi ya kuingilia kupitia poti ile, haijibu. Na si zote, wala si kila siku.

Nilikwenda na mwenzangu mmoja wa upande wa vifaa. Tuliunganisha kebo ya pini tisa, tukawasha. Ujumbe wa kerneli, kiini cha mfumo, ukamwagika kwenye skrini kama kawaida, kwa sababu kerneli yetu inapoandika haingoji intarapti. Inaiuliza chipu yenyewe, uko tayari, uko tayari, mpaka ipite. Kisha programu ya kuingilia ikafungua poti, na hapo hapo kimya. Nikabonyeza Enter. Kimya. Nikaingia kupitia mtandao, nikasoma kihesabio cha intarapti namba 4. Kilisema 1. Nikabonyeza Enter tena, nikasoma. 1. Nikabonyeza mara kumi mfululizo. 1.

Sifuri ningeielewa. Ile 1 ndiyo iliyonisumbua. Maana yake chipu iliita mara moja, na tangu hapo haijaita.

Mwenzangu akashika kichunguzi cha osiloskopu, kifaa kinachochora umeme kama mstari, akakigusisha kwenye pini ya intarapti. Nilitegemea kuona mstari umelala chini, chipu imekufa. Mstari ulikuwa juu. Umenyooka, hautikisiki, juu kabisa. Hakusema kitu, alinionyesha tu kwa kidole. Chipu haikuwa imenyamaza. Ilikuwa inaita muda wote ule, kama mwanafunzi aliyenyoosha mkono darasani na mwalimu hageuki.

Kwenye kompyuta za ukoo huu, tangu ile ya IBM ya mwaka 1981, laini hizi za zamani husikika pale zinapopanda tu. Kupanda ndiyo habari yenyewe. Kubaki juu si habari. Laini yetu ilipanda mapema, kabla draiva haijajisajili. Kerneli ikaipokea, ikakuta haina mwenyewe, ikaitupa, na ndiyo ile 1. Baada ya hapo isingeweza kupanda tena mpaka kwanza ishuke, na isingeshuka mpaka mtu aisome chipu.

Niliandika amri ya kusoma hali ya laini, anwani 0x3FD. Ikajibu 0x63. Ile 3 ya mwisho ni biti mbili: moja inasema kuna baiti inasubiri, nyingine kwamba baiti mpya zimeifikia na kuandikwa juu ya ya zamani. Chipu ile ilikuwa ya aina isiyo na bafa, foleni ya kusubiria, ya baiti 16 kama chipu ya 16550A, ina nafasi ya baiti moja tu. Nikasoma 0x3F8. Ikatoka 0x0D.

Enter. Mtu fulani, mashine ikiwa ndiyo kwanza inawaka, alibonyeza Enter kwa kukosa subira, na butiloda, programu inayoiamsha kerneli, ilikuwa imeacha intarapti za kupokea zimewashwa. Baiti yake ilikaa pale, hakuna wa kuipokea, na zangu zikaandikwa juu yake. Papo hapo nilipoisoma, mstari kwenye osiloskopu ukaanguka. Nikabonyeza kitufe. Ukapanda, ukashuka. Kihesabio kikasema 2, kikaendelea, na skrini ikaniomba jina. Mezani kwangu halikutokea kamwe kwa sababu nilikuwa nikisubiri mikono ikiwa mapajani.

Mistari minne ikarudi siku ileile. Juu yake niliandika maelezo marefu kuliko mistari yenyewe: kwamba kwenye chipu hii kusoma ni kutenda, kwamba anayesoma anaishusha laini, kwamba thamani hatuihitaji. Yule aliyeiandika mwanzo alilijua jambo hili, pengine alilijua kwa usiku kama wangu, akaenda nalo. Hilo liliniuma kuliko kosa langu.

Lakini kiraka cha kijana huyu ni cha chipu nyingine, na huko intarapti husikika kwa kiwango, si kwa kupanda. Laini ikibaki juu, kerneli itaitwa tena na tena mpaka ishughulikie. Huenda yeye yuko sahihi na mistari ile kweli ni mizigo iliyonakiliwa kutoka draiva za kale. Na draiva ile inahitaji kusafishwa, nami sitaki awe mtu wa kuogopa kufuta.

Niliandika jibu refu lenye habari yote hii, nikalifuta. Nikaandika jingine, nikalifuta nalo. Mwishowe nilimtumia swali moja: "Umejaribu kubonyeza Enter wakati mashine inawaka?"

Hajajibu bado. Taa ya ofisini kwake iliwaka mpaka saa nne usiku.