Waliniambia ni Honda: nilivyokitambua na kukifufua kipikipiki cha zamani

Kila aliyekiona alikuwa na jibu mfukoni: "Hiyo Honda." Ukimuuliza amejuaje, anakuonyesha stika kwenye fremu. Ndugu zangu, stika ya Honda hata kwenye toroli inabandikika.

Honda ndogo za kweli, zile zinazoitwa Monkey, zina historia inayojulikana. Zilianza mwaka 1961 na Z100, iliyotengenezwa kwa ajili ya bustani ya michezo ya Tama Tech huko Japani. Mwaka 1967 ikaja Z50M yenye magurudumu ya inchi 5 na usukani unaokunjika, na mwaka 1968 Z50A ya inchi 8. Silinda ya Z50 imelala kuelekea mbele, injini inawashwa kwa kiki, na kuna gia. Changu silinda imesimama wima, kinawashwa kwa kuvuta kamba, na gia hakina hata moja. Injini ikishika kasi, klachi inajifunga yenyewe na mnyororo unavuta gurudumu la nyuma. Sasa Honda iko wapi hapo?

Nilichokuwa nacho ni injini ya aina ya mashine ya kukatia majani, imefungwa kwenye mabomba yaliyokunjwa na kuchomelewa. Ndivyo minibaiki (vipikipiki vidogo) nyingi za Marekani zilivyokuwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Watengenezaji kama Rupp, Bonanza na Taco walitengeneza fremu, injini wakanunua kwa Briggs & Stratton, Tecumseh na wengineo. Maduka makubwa nayo, Sears likiwemo, yakauza kwa majina yao. Ndiyo maana jina lililoandikwa nje mimi huliangalia mwisho.

Cha kwanza ni namba. Kwenye Briggs za enzi hizo zimegongwa kwenye kava la bati linaloongoza hewa ya kupoza injini, na kuna mafungu matatu: modeli, aina na kodi (code). Usikwangue kwa msasa! Paka dawa ya kutoa rangi, futa kwa kitambaa, kisha mulika tochi kwa ubavuni. Namba zinajitokeza zenyewe. Modeli yangu inaanzia na 8, maana yake ujazo wa injini ni takriban inchi za ujazo 8. Kodi ndiyo tamu zaidi: tarakimu sita za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku. Yangu inaanza 710422, yaani 22 Aprili 1971. Injini ina siku ya kuzaliwa, mimi nina wajomba hawana.

Lakini kava linaweza kuhamishwa kutoka injini nyingine, na injini yenyewe inaweza kuhamishwa kutoka fremu nyingine. Kwa hiyo nikaangalia pale injini inapokalia. Matundu yalikuwa ya duara safi, hayakutanuliwa kwa tupa, na chini ya injini rangi ya kwanza ya machungwa ilikuwa bado ipo, haijachubuliwa na kitako kingine. Juu yake kuna bluu, kisha nyeusi ya mtu aliyepaka kwa brashi, Mungu amsamehe. Jina la kiwanda cha fremu sikulipata, kibati chake kimeng'olewa, lakini umri ninao na injini ndiyo yake. Kwangu hiyo ilitosha.

Tangi nililisafisha kwa siki. Wengi wanakwambia utie nati ndani utikise. Halafu nati moja inakwama pembeni na unaisikia ikigonga maisha yako yote. Mimi nilitia kipande cha mnyororo wa baiskeli kilichofungwa waya, nikatikisa, kisha nikakivuta chote kikatoka.

Sasa cheche. Hakukuwa na cheche, na hapo ndipo washauri walipojaa. "Tupa hiyo, weka injini mpya." "Gonga flaiwili kwa nyundo, itatoka." Anayesema hivyo hajawahi kulipia flaiwili (lile gurudumu zito lenye sumaku linalozunguka na injini) iliyopasuka. Injini za Briggs za kabla ya mwaka 1982, ulipoanza mfumo wa cheche wa elektroniki wa Magnetron, zina platini, vile vidomo viwili vinavyokutana na kuachana, na vimejificha chini ya flaiwili. Lazima ifunguliwe, na nati yake (ambayo kwenye Briggs ndiyo klachi ya kamba ya kuwashia) inakaza kama deni la duka. Ukiizungusha, injini nzima inazunguka nayo.

Dawa ni kamba ya pamba. Toa plagi, shindilia kamba ndani ya silinda kupitia tundu la plagi, ncha ibaki nje. Pistoni ikipanda inabanwa na kamba na krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) inagoma kuzunguka. Hiyo wengi wanaijua. Wasichokwambia ni upande. Nati inafunguka kinyume na injini inavyozunguka, kwa hiyo pistoni iwe imepita juu kidogo na kuanza kushuka, kwenye mpigo wa kazi ambapo valvu zote mbili zimefunga. Ukiweka kamba hapo, unaporudisha krenki nyuma pistoni ndiyo inapanda na kubana. Ukiiweka wakati valvu iko wazi, kamba inaingia chini yake na umejitengenezea kazi nyingine. Hizi injini valvu ziko pembeni mwa silinda, kwa hiyo elekeza kamba juu ya pistoni. Nilivuta spana mara moja tu, tak! Flaiwili yenyewe nikaitoa kwa pula, kifaa cha kuivutia.

Chini yake platini zilikuwa na ukungu mweupe. Nikazipitisha karatasi, nikazifuta kwa spiriti, nikaweka nafasi ya milimita 0.5. Kile kipande kidogo cha aluminiamu kinachoshika flaiwili kwenye krenki nilibadilisha. Kuna bingwa aliyeniambia nichonge cha chuma "kidumu". Kimefanywa laini makusudi, kikatike chenyewe krenki ipone. Koili ya cheche niliirudisha nikiwa nimeweka kadi nyembamba kati yake na sumaku ya flaiwili ili ibaki nafasi. Cheche ikaja, ya bluu.

Kabureta ilihitaji kiwambo kipya tu, ule utando laini wa ndani. Kile cha zamani kilikuwa kimekauka kama ganda. Oili, SAE 30. Klachi ya mnyororo, matone mawili matatu kwenye bushi, na yasifike kwenye viatu vyake, vile vipande vinavyoshika. Matairi ndiyo yaliyonikamua pesa, mengine yote kwa pamoja hayakufikia bei yake.

Gavana, inayozuia injini isizidi kasi, nimeiacha mahali pake. Nimeshauriwa niitoe ili kikimbie, na mshauri ni yuleyule wa nyundo. Flaiwili iliyozeeka tangu mwaka 1971, ikizunguka kwa kasi isiyotengenezewa, iko chini ya nyonga yangu, si yake. Breki ni kibati kinachosugua tairi la nyuma na kikilowa hakishiki kitu, kwa hiyo mvua ikinyesha sitoki nacho. Ninayemtafuta sasa ni mtu mwenye kiti cha wakati ule. Nilichofunga ni ubao na sponji.