Muuaji wa Nanna na deki ya Muscat

Mwaka 2012 nilimgombeza kijana wa watu pale Kariakoo bila kosa, na mpaka leo sijapata kumwomba radhi.

Nilikuwa nimekwenda Dar kwa msiba. Siku ya kurudi Tanga nikapita mtaa wa Aggrey kutafuta vitenge, na pembeni ya duka palikuwa na meza ya DVD zile za Kichina: sizoni nzima imebanwa kwenye CD moja au mbili, kava limejaa vichwa vya watu, na nyuma Kiingereza kimevunjika mguu. Mimi ni mtu wa hadithi za upelelezi toka utotoni. Halafu nimekuwa mkalimani mahakamani miaka 26, Kisambaa na Kidigo kwenda Kiswahili, kwa hiyo mauaji nimeyasikia mengi, tena kutoka vinywani mwa wenyewe. Kijana akaniambia, "Mama, chukua hii, ya Kimarekani, upelelezi mtupu." Ilikuwa The Killing, shilingi 3,000. Nikatia kwenye mkoba.

Vipande 13. Binti anaitwa Rosie Larsen, mji ni Seattle, na mvua hainyamazi. Niliimaliza kwa siku nne, usiku baada ya isha. Kipande cha 13 kikafika mwisho, majina yakaanza kupanda, na muuaji hajatajwa! Nikairudisha nyuma, nikaitazama tena. Hayupo. Nikasema hapa nimepigwa, hawa wamekata kipande cha mwisho ili CD itoshe.

Arobaini ilipofika nikarudi Dar, na kabla sijafika hata msibani nikapitia Aggrey. Nilimsema yule kijana mpaka wauza mashuka wakasogea kusikiliza. Nikamwambia ameniuzia kesi isiyo na hukumu. Akaapa, "Wallahi mama, ndivyo inavyoishia, hata mimi imeniudhi." Sikumwamini. Akanipa CD nyingine ya bure ili niondoke, nami nikaipokea, tena kwa kununa.

Basi, alikuwa anasema kweli. Mtoto wa kaka yangu anaishi Leicester, na nilipomsimulia kwenye simu alicheka mpaka akakohoa. Kumbe Wamarekani wenyewe walikasirika vilevile Juni 2011, kipande cha mwisho kilipoishia hewani. Muuaji alikuja kujulikana mwisho wa sizoni ya pili, Juni 2012. "Lakini shangazi," akaniambia, "hiyo uliyoangalia ni kopi. Yenyewe ni ya Denmark, na muuaji anajulikana sizoni hiyohiyo ya kwanza. Nikununulie?"

Yenyewe inaitwa Forbrydelsen, ya shirika la utangazaji la Denmark, DR, na ilianza kuonyeshwa 2007. BBC Four waliionyesha Uingereza 2011 kwa Kidenmark chake, maandishi ya Kiingereza yakipita chini, na baada ya hapo ikauzwa madukani kwenye sanduku. Pauni 25. Kwa kiwango cha wakati ule ni zaidi ya shilingi 60,000. Nikanyamaza kidogo kwenye simu. Kwa fedha hizo Aggrey wangenijazia kapu. Lakini nilikuwa na kiu ya hukumu, nikamwambia nunua.

Sanduku likaja mkononi mwa mtu aliyekuwa anarudi likizo. Zuri kweli, zito, CD kadhaa na vipande 20, kila kimoja karibu saa nzima. Nikafua, nikapika, nikaoga, nikaketi. Deki ikameza CD, ikanguruma, kisha kwenye kioo yakatokea maneno kwamba CD hii si ya eneo lako.

Sikujua kama DVD zina maeneo. Angalia nyuma ya kava la orijino: kuna alama ya dunia ndogo yenye namba ndani. Watengenezaji waliigawa dunia ili filamu iuzwe huku kabla ya kule na kwa bei tofauti. Marekani na Kanada ni 1. Ulaya, Japani, Mashariki ya Kati na Afrika Kusini ni 2. Sisi tumewekwa 5, kundi moja na Wahindi na Warusi. Deki yangu ilikuwa ya maana, ya kampuni kubwa, nimeinunua dukani na risiti, na kwa sababu hiyo hasa ilikuwa inafuata sheria: ni ya 5, na CD ya 2 haiigusi. Fundi wa Barabara ya 8 akajaribu zile mbinu za kufungua mdomo wa deki na kubonyeza namba kwenye rimoti. Akabonyeza mpaka betri zikalegea.

Binti yangu alikuwa nyumbani likizo na laptopu yake. Laptopu nayo ikauliza: unataka kubadili eneo? Lakini unaruhusiwa mara tano tu maisha yake yote, kisha inajifunga kwenye namba ya mwisho. "Mama, hii ni mara moja. Zimebaki nne," binti akasema, kwa sauti ya mtu anayegawa maji ya safari. Tukaangalia vipande tisa kwenye kioo kidogo kama sinia ya chai, vichwa vimegusana. Kisha chuo kikafunguliwa, akarudi Dodoma na laptopu yake. Nikabaki na kipande cha 9.

Hapo ndipo kaka yangu mwingine, wa Muscat, alipoingia kwenye kesi. Alikuwa anakuja Idd. Nikamwomba deki. "Deki? Tanga hakuna deki?" Nikamweleza habari za namba, akaona nimezeeka vibaya, lakini akaileta. Plagi ileile ya vichwa vitatu, umeme uleule. Nikaweka CD ya Leicester kwenye deki ya Muscat, ndani ya nyumba ya Ngamiani, ikacheza bila hata kukohoa. Mwaka 1861 Unguja na Muscat zilitenganishwa, kila mtoto wa Sultani akabaki na kwake. Sasa watu wa DVD nao wamezitenga upya: Muscat iko na London, sisi tuko na Moscow.

Hadithi yenyewe sasa. Kila kipande ni siku moja, kuanzia Jumatatu tarehe 3 Novemba. Gari linaopolewa majini, ndani ya buti yumo binti wa miaka 19, Nanna Birk Larsen. Gari ni la kampeni ya mwanasiasa anayegombea umeya wa Copenhagen. Sarah Lund, mpelelezi, alikuwa siku yake ya mwisho kazini, mizigo imefungwa ahamie Uswidi kwa mchumba. Hahami. Siku 20 kwa maiti moja! Mtu aliyekaa mahakamani anajua kwamba hizo siku 20 ni muda mfupi wa kuchekesha, faili la mauaji huzeeka kabatini. Lakini kwenye televisheni ni muda mrefu ajabu, na faida ya urefu huo ni wazazi. Baba ana biashara ya malori ya kuhamisha vyombo. Mara kwa mara tunarudi jikoni kwao, na msiba haujaisha, bado wana watoto wawili wa kiume wanaotaka kula. Sizoni nyingine zikishaonyesha maiti huwasahau wafiwa. Mimi nilikuwa nawatazama wafiwa kila siku ya kazi, kwenye mabenchi ya nyuma, wanangoja niwatafsirie neno moja tu.

Maandishi ya chini niliyakagua kama mtu anayemkagua mwenzake wa kazi. Yalikuwa mafupi mno. Mama anasema maneno kumi, yanaandikwa manne. Ningethubutu hivyo mbele ya hakimu ningefukuzwa. Baada ya wiki nikaanza kusikia: tak ni ahsante, undskyld ni samahani, mor ni mama. Na Lund akipokea simu anasema jina lake tu, "Lund", basi. Hana shikamoo wala habari za huko. Huku kwetu kabla hujaambiwa kuna maiti umeshaulizwa hali ya mbuzi. Sweta lake, lile la sufu la visiwa vya Faroe ambalo Waingereza walilinunua kwa wingi, ndilo lililonitoa jasho zaidi. Tanga mwezi wa pili, mtu ananifungia sweta mpaka shingoni.

Muuaji simtaji. Nilichofanya ni kumpigia simu binti Dodoma saa sita za usiku, naye akanikatia kabla sijafungua mdomo, alikuwa anangoja likizo.

Mwezi uliofuata, kijana wa jirani mwenye banda la video alikuja kuazima ngazi, akaona sanduku. "Mama, hii ingecheza kwangu." Akachukua CD, akaitia kwenye deki yake ya Kichina ya shilingi 45,000, isiyo na jina hata la kutamka. Ikacheza. Deki za bei chee hazina habari na maeneo, zinakula chochote. Kaka yangu wa Muscat sijamwambia.

Toka hapo nimeagiza nyingine. Bron, ambayo maiti imelazwa katikati kabisa ya daraja la Øresund, mpakani mwa Denmark na Uswidi, kwa hiyo polisi wa nchi zote mbili wanaipigania. Mwenye Kiswidi anasema Kiswidi, mwenye Kidenmark anajibu kwa Kidenmark, na wanaelewana kwa shida shida kama Mpemba na mtu wa Lubumbashi. Maandishi ya Kiingereza hayakwambii nani anasema ipi. Mpaka sikio lako likomae ndipo unapojua wametaniana wapi. Wallander ya Kiswidi nayo ninayo. Aliyemtunga, Henning Mankell, aliishi miaka mingi Maputo akiongoza tamthilia, jambo ambalo watu wengi huku hawalijui. Montalbano wa Kiitaliano namwangalia kwa ajili ya samaki anaokula. Ya Kifaransa, ile yenye hakimu anayepeleleza kesi mwenyewe, ilinichosha: nilikaa nikibishana na utaratibu wao badala ya kuwinda mhalifu.

Na sizoni ya pili ya Wamarekani niliipata baadaye, nikamaliza ile kesi ya Rosie. Muuaji wao si yule wa Denmark. Familia ileile, msiba uleule, mkosaji mwingine.

Mwaka jana nilipita Aggrey kumtafuta yule kijana. Meza haipo, pale wanauza kava za simu. Kijana mwingine, pengine hakuwa hata ameanza shule wakati ule, alikuwa na kompyuta kwenye kigoda, anajazia watu sizoni kwenye flashi. Nikamuuliza kama anayo The Killing, ya Denmark.

"Shikamoo mama. Ya Denmark hapana. Ipo ya Marekani, sizoni ya kwanza, kamili."

Nikamwambia hiyo ninayo.