Sweta la Timboroa

Makanga alinitajia shilingi 400 kutoka Nakuru hadi Eldoret. Tulipopita Salgaa akageuza, ikawa 600, na hakuna aliyembishia kwa kuwa mvua ilishaanza.

Gari lilituzimikia Timboroa. Sisi wa Mpeketoni, kule Lamu pwani, hatuijui baridi mpaka tusimame kule, karibu mita 2,700 juu ya bahari, na shati la mikono mifupi. Mama mmoja mwenye rundo la mitumba aliniona natetemeka, akataka 800 kwa sweta lililochakaa viwiko. Nililipa. Bei ile inaniuma hadi leo.

Mzee tuliyeketi pamoja aliniomba radhi, akachomoa uzi uliokuwa ukining'inia kwenye upindo wa shati langu. Akausokotoa taratibu kwa vidole mpaka ukaachana.

"Pamba yake fupi, mwanangu. Ndiyo maana upindo unafumuka."

Miaka ya themanini alikuwa Rivatex, kiwanda cha nguo cha Eldoret, kwanza kwenye kusokota, baadaye kwenye mashine za kufuma. Saa mbili nzima, fundi akiwa chini ya gari, mzee alinifundisha: marobota hufunguliwa, pamba hupigwa ikatoka taka, huchanwa mpaka iwe kamba laini, ndipo isokotwe. Nyuzi za mtande, zile za urefu wa kitambaa, hupakwa wanga, la sivyo zingekatika mshindio, uzi wa kukatiza, ukipita. Majirani zake, watu wa mahindi na ngano tangu jadi, walitoka shambani wakaingia zamu ya usiku. Eldoret ilikuwa na Rivatex ya pamba, Raymond ya sufu, na Ken-Knit ya nyuzi na sweta. Sweta! Nami nimevaa la mitumba, njiani kwenda huko huko.

Miaka ya tisini soko lilifunguliwa kwa bidhaa za nje, mitumba ikafurika, Rivatex ikafungwa. Chuo Kikuu cha Moi kiliinunua 2007, na 2019 ikazinduliwa upya na mashine mpya. Mzee ameshakwenda kusimama nje ya ukuta, asikilize tu.

"Mlio si ule. Zetu zilipiga kama mvua ya mawe juu ya mabati."

Harusi iliyonipeleka ilifana. Sina zaidi la kusema juu yake, ila chumba cha wageni kilikuwa ghali na maji ya moto hayakuwapo.

Njia nzima ya kurudi nilimfikiria mama yangu. Utoto wangu wote alichuma pamba, vidole vimechanwa na maganda makavu, lori likaja likaondoka na magunia. Tukiuliza yanakwenda wapi, jibu lilikuwa moja: bara. Hatukuwahi kukiona kitambaa chake.

Nilimnunulia mita tatu za pamba tupu. Aliukunja ukingo, akaunusa, akaniuliza zimeingia kilo ngapi za pamba humo.

Mzee angejua. Alishukia Burnt Forest, na sikumwomba hata namba ya simu.