Siku Moja Chini ya Lori la Kabureta

Saa moja asubuhi nilikuwa nimeshafungua, nimefagia, nimechomoa waya wa betri na kumwaga oili ya lori kuukuu. Oili ilinuka petroli. Diaframu, ule utando wa ndani ya pampu yake ya zamani ya petroli, ile inayosukumwa na kemshafti ya injini, imechanika, kwa hiyo petroli badala ya kupanda kwenye kabureta, inakochanganywa na hewa, inateremkia kwenye injini. Mwenye lori kachoka nayo, anataka pampu ya umeme. Saa mbili na nusu nilishaitoa ile ya zamani, tundu lake nimeliziba kwa kipande cha chuma na gasketi.

Saa tatu mzee mwenye lori akafika na pampu mkononi. Ya injekta, ya injini zinazopuliziwa petroli kwa presha kubwa.

"Fundi, hii ina nguvu kuliko zote."

"Ndiyo shida yake, mzee."

Nikamweleza. Kabureta kama hii inataka presha ya pauni 4 hadi 6 hivi kwa inchi ya mraba. Pampu ya injekta inasukuma 40 na zaidi. Floti, boya la ndani ya kabureta, ikipanda inafunga njia kwa kisindano kidogo, na kisindano hicho hakishindani na pauni 40. Petroli itafurika, imwagikie injini ya moto. Akatikisa kichwa, akasema jirani yake kafunga kama hii na anatembea. Nikamweleza tena. Akampigia jirani simu. Nikamweleza jirani. Jirani akaniuliza nina miaka mingapi kwenye ufundi. Saa tano kasoro ndipo ilipobainika kwamba gari la jirani ni la injekta. Mzee akaondoka kimya kwenda kubadilisha.

Aliporudi na pampu sahihi nikaingia uvunguni. Watu hudhani inafungwa juu, karibu na injini, panapofikika kwa urahisi. Pampu hizi ni hodari wa kusukuma, si wa kuvuta, kwa hiyo inakaa chini, jirani na tangi, mbali na ekzosi, na chujio kati yake na tangi maana tangi lina kutu. Bolti mbili zikakataa kabisa. Kutu ikaniingia machoni, petroli ikanitiririka hadi kwapani.

Kisha nyaya. Mzee akachungulia: "Si uunge tu kwenye swichi?" Hapana. Lori likipinduka swichi ikiwa imewashwa, injini itazima lakini pampu itaendelea kumwaga petroli. Ndiyo maana naweka fyuzi, relei (swichi inayoendeshwa na umeme), na swichi ya presha ya oili: ukipiga stata relei inapata umeme wa stata, injini ikiwaka, presha ya oili inaishikilia, injini ikizima, pampu nayo inakata. Hilo halionekani mtu akifungua boneti, na ndilo lililonila mchana wote.

Jua lilikuwa limeshalala nilipojaza oili mpya na kujaribu. Pampu ikanguruma kichovu. Nikapima: volti 9. Nikarudi uvunguni kwa tochi, nikakwangua rangi kwenye chesisi pale nilipofunga ethi, waya wa kurudisha umeme, hadi chuma kikang'aa. Volti 12. Ikalia kama nyuki, lori likawaka kwa stata moja.

Mzee akainama, akaiangalia pampu.

"Kumbe ni waya mbili tu? Si ungemaliza asubuhi, fundi."

Nikaenda kunawa. Harufu haikutoka.