Nilivyopata nyuzi zinazonifaa, za gita na za besi

Mimi mikono yangu inatoa jasho sana nikipiga, na hapo ndo chanzo cha haya yote. Nyuzi mpya zilikuwa zinalia vizuri siku chache tu alafu zinafifia, vidole vinasikia ukwaru, ukienda kule juu freti ya 12 (freti ni vile vyuma vya kwenye shingo) gita halikubali tena kukaa kwenye tyuni, na kila mpiga gita niliyemuuliza ananitajia kampuni yake. Huyu D'Addario, yule Ernie Ball, mwingine ni Elixir tu na hataki kusikia kitu kingine. Wapiga gita kwenye nyuzi ni kama mashabiki wa mpira, timu ni timu. Nikaona ngoja nitulie, nijue kinachotofautisha nyuzi ni kitu gani hasa, jina la kampuni lije baadaye.

Nilianzia kwenye unene, na nashauri kila mtu aanzie hapo. Tunaposema tisa au kumi tunataja uzi wa kwanza, ule mwembamba kabisa, kwa elfu za inchi. Kwaiyo kumi ni inchi 0.010, sawa na milimita 0.254, na seti yake ya kawaida ni 10-46, ya tisa ni 9-42. Kwa macho tofauti ya tisa na kumi huioni kabisa, lakini mkazo unakwenda kwa mraba wa kipenyo, yaani ukitoka kumi ukashuka tisa uzi wa kwanza unalegea kama 19% hivi, na ukipanda kumi na moja unakaza kwa 21%. Hiyo sio tofauti ndogo kwa kidole kinachobendi uzi, yaani kuuvuta pembeni noti ipande, usiku mzima.

Alafu kuna urefu wa gita lenyewe, na hili wengi tunalisahau tukiwa tunabishana. Magita ya Fender, Stratocaster (Strat) na Telecaster, uzi una urefu wa inchi 25.5 kutoka nati, kile kipande cha mwisho wa shingo uzi unapopita, mpaka kwenye daraja, Les Paul ya Gibson inahesabiwa inchi 24.75. Kwa nyuzi zilezile na tyuni ileile Les Paul inakuwa laini kwa karibu 6%. Sasa mwenye Les Paul anamwambia mwenye Strat "kaka weka kumi, mbona laini tu", mwenye Strat anaweka, vidole vinauma, anasema kampuni ile mbaya inatengeneza nyuzi ngumu. Kampuni haijafanya kitu hapo, ni hesabu tu.

Mfano unaotajwa sana ni Stevie Ray Vaughan, mpiga gita wa bluzi, kwamba alikuwa anapiga nyuzi za 13 ndo mana saundi yake ilikuwa nene. Ni kweli alitumia nyuzi nene sana, ila alikuwa anashusha tyuni nusu hatua, na kushusha nusu hatua kunapunguza mkazo kama 11%. Hata baada ya kushusha, uzi wake wa kwanza bado umekaza kuliko kumi ya kawaida kwa kama nusu nzima, kwaiyo mikono ilikuwa mikono kweli. Upande wa pili yupo Billy Gibbons wa ZZ Top na nyuzi za 7, nyembamba kiasi kwamba unaogopa kuzigusa, na nani atasema saundi yake nyembamba? Na Tony Iommi wa Black Sabbath, aliyekatwa ncha za vidole kiwandani, alilazimika kutafuta nyuzi laini zaidi mpaka akatumia za banjo, na kwa mkono huo akatoa saundi nzito iliyozaa muziki wote wa metali. Mimi nilipowaza hao watatu nikaacha kuamini kwamba uzi mnene ndo saundi nene. Unachagua unene kwa ajili ya mkono wako na tyuni unayopigia.

Kwaiyo nikaamua, Les Paul 10-46, Strat 9.5-44. Hizo tisa na nusu zipo, Ernie Ball wanaziita Primo Slinky na D'Addario wanazo kwenye seti zao za NYXL, na kwa Strat mimi naona ndo mahali pake hasa, kodi zinashika na kubendi unabendi.

Baada ya unene kukaa sawa ndo nikaingia kwenye makampuni. Nilichofanya ni kulinganisha vitu vinavyolingana. Seti ya D'Addario EXL110 na Regular Slinky ya Ernie Ball zote ni 10, 13, 17, 26, 36, 46, na zote waya unaozungushiwa nyuzi nene ni chuma kilichopakwa nikeli. Gita moja, ampli ileile bila kugusa vitufe, simu mahali pamoja inarekodi, napiga kitu kilekile, nyuzi zote zikiwa na umri sawa maana ukilinganisha nyuzi mpya na nyuzi za mwezi uliopita hapo unalinganisha umri na sio kampuni. Alafu mwenzangu wa bendi ananipigia rekodi bila kuniambia ipi ni ipi.

Kiukweli kwenye rekodi nilikuwa nabahatisha. Vidoleni ndo nilihisi kitu, Slinky kwangu zinateleza kidogo kubendi, EXL zinajibu kwa ugumu fulani ninaoupenda kwenye rithim, lakini ukiniwekea rekodi yenye ngoma na besi ndani siwezi kukuambia. Hii iliniondolea mzigo mkubwa sana. Sio kwamba wanaopenda kampuni fulani wanadanganya, hapana, wanahisi kitu cha kweli, ila wanakihisi mkononi, na mkono ukifurahi unapiga vizuri zaidi, na hiyo nayo inasikika.

Nilipobadilisha aina ya chuma badala ya kampuni, hapo hata mwenzangu ambaye hapigi gita alisikia. Nikeli tupu, kama Nickel Rockers za kampuni ya GHS, saundi ni ya mviringo, juu pametulia, tamu kwa bluzi na kwa muziki wa solo safi. Stenlesi inang'aa, inakata, ukiwa na pikapu (zile sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi) kali tayari utaona inazidi. Ile ya kupakwa nikeli inakaa katikati na ndo mana ipo kwenye magita mengi. Na kiini, yaani waya wa ndani, nacho kina neno lake. Nyuzi nyingi za leo kiini chake kina pembe sita ili waya wa nje ushike, lakini kampuni ya DR wana Pure Blues zenye kiini cha mviringo, na zile zinalegea vizuri chini ya kidole. Ila hizo usikate mwisho wa uzi kabla hujaukunja kwenye kigingi, waya wa nje unaweza kujifungua na uzi ukafa palepale.

Sasa jasho. Uzi haufi kwa kuchoka tu, uchafu na chumvi vinaingia katikati ya mizunguko ya waya, uzito wa uzi unakuwa haulingani kutoka mwanzo mpaka mwisho, ndo mana tyuni inakaa sawa ukiuacha wazi na inapotea ukibonyeza freti za juu. Kutu nayo inakula. Kwa mtu kama mimi dawa ni nyuzi zenye utando. Elixir ndo waliolifanya jambo hili likajulikana, wanatoka kwenye kampuni ya W. L. Gore, wale wa Gore-Tex, na wana tando tatu: Polyweb nene na inateleza sana, Nanoweb nyembamba zaidi, na Optiweb ambayo kwa mkono wangu iko karibu kabisa na uzi usio na utando. Polyweb nilisikia kama kuna kitambaa kati yangu na uzi, ingawa namfahamu jamaa anayeipenda kwa sababu hiyohiyo, haina ule mlio wa vidole kukwaruza unapohama kodi. D'Addario nao wana za utando, XS. Mimi kwenye magita yote mawili ya umeme nimekaa na nyuzi za utando mwembamba, Les Paul ina Optiweb, Strat siku za mazoezi ina XS na siku ya kurekodi natoa, naweka NYXL mpya zisizo na utando, kwa sababu ile saa ya kwanza ya uzi mpya mtupu hakuna utando unaoifikia.

Na kitambaa kikavu, jamani. Ukimaliza kupiga futa nyuzi, zungusha kitambaa chini yake pia, kwa sababu jasho linakaa upande usiouona. Osha mikono kabla ya kupiga. Haya mawili yaliongeza maisha ya nyuzi zangu kabla hata sijagusa nyuzi za utando.

Gita kavu, lile lisilo la umeme, sina mengi. Fosfa bronzi, ambazo D'Addario walizileta 1974, zina joto na zinadumu. Zile za 80/20 zinang'aa zaidi ila kwangu zinafifia haraka, na ingawa zinaitwa bronzi ndani yake ni shaba na zinki. Naweka fosfa bronzi 12-53 basi. Kitu kimoja tu cha kusisitiza: gita la klasiki lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni usiliwekee nyuzi za chuma, mkazo ni mkubwa mno, daraja linaweza kung'oka na ubao wa juu kupinda.

Kwenye besi ndo nilikaa muda mrefu, na kwenye besi nyuzi zinabadilisha chombo kizima kuliko kwenye gita. Kuna nyuzi za raundi, zile zenye waya wa mviringo unazisikia ukwaru, na kuna flati, waya wa nje umelala bapa, laini kama kioo. Mpaka katikati ya miaka ya 1960 besi ya umeme kwa kawaida ilikuwa flati. Alafu John Entwistle, mpiga besi wa The Who, na kampuni ya nyuzi ya Rotosound ya Uingereza wakafanyia kazi zile Swing Bass 66 za stenlesi, akapata besi inayolia kama piano, na baadaye mpiga besi Jaco Pastorius akaziweka Rotosound za raundi kwenye besi isiyo na freti na watu mpaka leo wanaitafuta saundi ile. Upande wa flati ni James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown, na nyuzi nene za kampuni ya La Bella, 52-110, na inajulikana kwamba alikuwa habadilishi nyuzi mpaka ikatike. Na kabla hujaamua flati ni za muziki mpole, Steve Harris wa Iron Maiden anapiga flati za Rotosound, yule mwenye mbio zote zile.

Besi yangu ni aina ya Precision, na mpiga ngoma wetu alikuwa analalamika kwamba besi na kiki (ngoma kubwa ya mguu) havishikani, kila mmoja anasikika peke yake. Nilikuwa na raundi za stenlesi. Nikaweka flati za La Bella, seti nyembamba kuliko ya Jamerson, na mazoezi yaleyale ya kwanza akaniangalia akasema "kaka, hiyo usiitoe". Noti ina kichwa kinene, inadunda, inaisha, inaiachia kiki nafasi. Kwenye spika ukiwa peke yako utasema mbona imekufa, lakini ndani ya bendi inakaa mahali pake na unasikika bila kuongeza sauti.

Ila flati sio kitu kimoja. La Bella zinakaza, Thomastik-Infeld wa Vienna wana Jazz Flats ambazo ni laini mno, zina mlio mrefu na katikati tamu, na kwa sababu ni laini uzi unacheza sana, ukiwa na besi iliyoshushwa chini karibu na freti na unapiga kwa nguvu utasikia freti zinalia. Mimi mkono wangu wa kulia ni mzito kwaiyo La Bella. Rafiki yangu anayegusa taratibu kwa ncha za vidole, Thomastik zinamfaa kabisa, na tukibadilishana besi kila mtu anarudisha haraka ya mwenzake.

Kitu ambacho lazima ukipangie muda ni marekebisho. Ukihama kutoka seti moja kwenda nyingine yenye mkazo tofauti, shingo inapinda au inarudi nyuma, kwaiyo ule mwamba wa chuma ndani ya shingo unaugeuza kidogokidogo, robo ya mzunguko alafu unasubiri, kisha urefu wa nyuzi kwenye daraja, kisha tyuni ya freti ya 12. Angalia na mfereji wa nati, uzi mnene ukibanwa pale tyuni haitakaa hata uzi uwe wa dhahabu. Mtu anaweka seti mpya bila kugusa chochote alafu anaihukumu kampuni, hiyo hukumu siichukui.

Kwa sasa ninachokichunguza ni uzi wa tatu wa gita la umeme. Kwenye seti za kawaida ni waya mmoja usiozungushiwa kitu, 17, na kwenye pikapu za kizamani zenye sumaku zisizolingana urefu unapiga kelele kuliko wenzake. Wapiga jazi wanaweka uliozungushiwa waya, Thomastik Jazz Swing zinakuja hivyo, na tyuni ya kodi inakuwa safi mno ila kubendi kunakuwa kazi. Nimeuweka kwenye Les Paul nione kama naweza kuishi nao, rithim zimependeza sana, solo bado vidole vinanibishia.