Trauti wakati wa baridi: chambo kiende chini

Ndugu wavuvi wa Moshi na Arusha, Julai hii msihangaike na nzi bandia wa kuelea, yaani ndoana iliyofungwa ifanane na mdudu. Maji ya mtoni yakikaribia nyuzi 8, mwili wa trauti, samaki wa mito ya maji baridi, hufanya kazi polepole. Hapandi juu kufuata mdudu, anatulia chini kwenye kina ambako mkondo hauna nguvu. Mfuateni huko huko.

Fungeni nzi wa umbo la buu mwenye shanga ya shaba kichwani, ndoana namba 14 au 16. Boya dogo likae mbali na chambo mara moja na nusu ya kina: maji ya mita 1, boya mita 1.5. Kama chambo hakigusi mawe hata mara moja, kiko juu mno. Ongezeni chubwi ndogo, yaani kizito cha kuzamisha mshipi, sentimita 20 juu yake.

Kinachowanyima wengi samaki ni mshipi. Mkondo wa katikati una kasi kuliko wa kando, unauvuta mshipi, na chambo kinakimbia kuliko maji yenyewe. Trauti hakigusi. Mkisharusha tu, inueni ncha ya fimbo muutupe mshipi upande wa juu wa mto. Boya likisita hata kidogo, inueni fimbo, maana baridi hii samaki haumi kwa nguvu.

Fundo lilowesheni mate kabla ya kukaza. Nailoni ikisuguana kavu hupata joto na kudhoofika. Samaki wa kurudishwa mshikeni kwa mikono iliyolowa. Na mto ukibadilika rangi ghafla, tokeni majini papo hapo: huenda mvua inanyesha huko juu mlimani.